Usianzie Kingdom Hearts III, nakusihi

Ndugu yangu, rudisha hiyo pesa mfukoni kwanza. Umeandika kwamba una mashine ya PS4, kwamba umeuona mchezo wa video wa Kingdom Hearts III dukani kwa bei nzuri, na kwamba ungependa kujua kama inafaa kuanzia hapo. Haifai kuanzia hapo. Kosa hilo nililitenda mimi, na mpaka leo linaniuma.

Mwaka 2019, wiki chache kabla ya Ramadhani, niliingia duka moja karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, nikiwa na pesa nilizozidunduliza kwa miezi mitatu ili nipate mchezo wa kucheza usiku baada ya tarawehe. Nilimwuliza muuzaji waziwazi kama mtu asiyewahi kucheza chochote cha mfululizo huu ataelewa kitu. Akanijibu bila kusita kwamba kila mchezo unajitegemea, na kwamba kwa kuwa huu ni wa tatu, nilivyovikosa ni visa viwili tu. Kinachonikera si kwamba hakujua, kwani hakuna ajuaye yote. Kinachonikera ni kwamba aliziona noti mkononi mwangu, akaona afadhali aseme lolote kuliko kusema hajui.

Nambari za makashani zinapotosha. Baina ya mchezo wa kwanza wa mwaka 2002 na II uliotoka Japani mwaka 2005 kuna Chain of Memories wa 2004, na kabla ya III kutoka mwaka 2019 kulitangulia 358/2 Days (2009), Birth by Sleep (2010) na Dream Drop Distance (2012). Hiyo si michezo ya pembeni hata kidogo. Ndiyo iliyobeba kisa chenyewe, na III umetungwa ili mafundo yaliyofungwa humo yafunguliwe.

Kupigana hakukunishinda. Nilipita dunia za filamu za Disney, ya Toy Story na ya Frozen, kwa furaha, nikajiona nimeuweza. Kisha, karibu na mwisho, katika jangwa lililojaa panga zenye umbo la funguo, watu waliopotezana miaka mingi wakakutana, wakapiga magoti, wakakumbatiana. Binamu yangu, aliyeicheza yote iliyotangulia, alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kikoi. Nikamwuliza, “Huyu msichana ni nani?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la marehemu katikati ya matanga. Anayetaka kunicheka na anicheke, ila aniambie kwanza yeye angemjua vipi. Mandhari ile iliandaliwa kwa miaka kumi, nami niliikuta ikiwa tupu, na sasa hata nikiirudia nimeshajua itakavyokwisha.

Kwa hivyo fuata mwaka wa kutoka. Tafuta mkusanyiko uitwao Kingdom Hearts HD 1.5 + 2.5 ReMIX, uliotoka kwa PS4 mwaka 2017: una visa sita, vinne vya kucheza na viwili, 358/2 Days na Re:coded, vya kutazama kama filamu. Ukimaliza, chukua mkusanyiko wa 2.8, wenye Dream Drop Distance, ndipo uende III. Wako watakaokwambia uanze na Birth by Sleep kwa kuwa matukio yake ni ya zamani zaidi. Usiwafuate, kwani ulitengenezwa kwa watu waliokwisha kumzoea Sora, shujaa mkuu wa mfululizo.

Wala usiruke Chain of Memories kwa sababu ya karata zake, ambazo ndizo za kupigania humo, hata zikikuchosha. Ukiuruka, utafungua II umkute kijana usiyemjua, Roxas, akihangaikia vibarua mjini ili yeye na wenzake wapate nauli ya gari moshi kwenda pwani, na saa zitapita ukimngoja Sora, ukidhani umeuziwa diski siyo.