Presha ya mimba haishuki kwa kuambiwa "usiwaze"

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia. Mimba ina miezi saba, presha 150/95, na kila anayekuja kumjulia hali anamwambia apunguze mawazo. Anauliza: yanapunguzwaje?

Dada yangu, maneno hayo niliambiwa na mimi, na yananichoma hadi leo. Mimba yangu ya kwanza ilipoingia presha, mawifi walikaa sebuleni kwangu wakisema nina hasira za ndani. Hasira zipi? Nilikuwa nameza methildopa, dawa ya presha, kila siku, kliniki sikosi, na usiku moyo unanienda mbio kwa hofu ya kifafa cha mimba.

Aliyenisaidia ni mkunga mmoja mtu mzima. Hakuniuliza nawaza nini. Alinilaza ubavu wa kushoto, akaniwekea mto katikati ya magoti, akasema, "Mama, vuta hewa kwa pua, hesabu hadi nne. Itoe taratibu, hesabu hadi sita." Ubavu huo una sababu: ukilala chali, mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kisha akanifundisha kukaza vidole vya miguu na kuviachia, halafu mapaja, viganja, mabega, mpaka taya. Sikujua kwamba taya langu lilikuwa limekazwa kutwa nzima! Nikaishika kazi hiyo asubuhi na usiku, na wageni wenye maneno nikawafungia mlango.

Hata kupimwa kuna utulivu wake. Usifike umetoka kugombania daladala ukanyoosha mkono. Kaa dakika tano, egemea, miguu yote chini, mkono usawa wa moyo, usiongee.

Mimba yangu ilifika wiki ya 37, nikapata mtoto mzima, na nalisema hilo kifua mbele. Lakini dawa sikuacha. Pumzi inakutuliza wewe, dawa ndiyo inayoshika presha. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba ghafla, maumivu yakija chini ya mbavu za kulia, au kipimo kikifika 160/110, usikae kuhesabu pumzi. Nenda hospitali usiku huohuo.

Na nyinyi mawifi na mama wakwe, mkimpenda huyo mjamzito, mchotieni maji, wachukueni watoto wake wakubwa, na siku ya kliniki mmoja wenu amsindikize.