Kabla hujamuuliza mwanafunzi mzazi wake amesoma hadi wapi

Kama unaandaa utafiti wa shahada na dodoso lako lina swali la kiwango cha elimu ya mzazi, naomba unisikilize kabla hujaenda kutoa kopi. Mimi nililiweka kama wengi wanavyoliweka: mstari mmoja chini ya umri na jinsia, visanduku vinne, weka alama ya vema. Nikalipeleka kwa wanafunzi wa kidato cha pili, shule ya kata moja mwambao wa Tanga. Nilirudi na karatasi zimejaa vizuri, nikafurahi. Ilibidi nianze upya.

Tuanze na lugha. Dodoso langu la kwanza lilikuwa la Kiingereza kwa sababu sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na msimamizi wangu hakuona tatizo. Lakini mtoto hazungumzi habari za mama yake kwa Kiingereza. Anazijua kwa maneno ya nyumbani: mama aliishia la saba, baba alifika fomu two akaacha, shangazi alisomea ushonaji. Muulize hivyo hivyo. "Mama yako aliishia darasa la ngapi?" ni swali ambalo mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kulijibu. "Kiwango cha juu cha elimu" linamfanya akisie, au achungulie kwa jirani.

Halafu kuna neno chuo, na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Binti mmoja aliweka alama kwenye "chuo" upande wa baba, nami nikamwingiza baba huyo kwenye kompyuta pamoja na wenye stashahada na shahada. Baadaye nilipopita majumbani kuhakiki baadhi ya majibu, nilimkuta mzee ni mvuvi. Shule aliiacha darasa la tano. Chuo alichosoma ni cha Kurani, akahitimu, na mtaani wanamheshimu kwa kisomo chake. Binti alisema kweli kabisa. Pwani chuo ndicho hicho tangu zamani, na mimi mzaliwa wa huku nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Sasa naandika "chuo cha Kurani au madrasa" kama swali lake peke yake, na "chuo cha ualimu, uuguzi, ufundi au chuo kikuu" pembeni. Usiyaweke kwenye ngazi moja, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Katika kuhakiki huko huko nilifika kwa bibi mmoja anayemlea mjukuu. Mjukuu alikuwa amejaza "hakusoma". Nilimwamkia bibi, nikamweleza shida yangu, akaniomba ile karatasi. Akaisoma. Polepole, kidole kikifuata mstari, lakini aliisoma yote hadi mwisho. "Nilisoma kisomo, baba," akaniambia. "Enzi za Mwalimu. Tulikuwa tunakaa chini ya mwembe jioni, watoto mgongoni." Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wanawake wa rika lake wengi walipatia kusoma na kuandika huko. Dodoso langu halikuwa na kisanduku chao. Mjukuu naye hakuwahi kuambiwa.

Ndiyo maana nasisitiza ujue historia kabla hujapanga visanduku. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Mlezi aliyezaliwa kabla na aliyezaliwa baada ya hapo walikutana na milango tofauti, na wewe unawaweka kapu moja. Weka kisomo cha watu wazima. Weka MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa shule. Weka VETA, yaani vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi. Na uliza habari za "mtu mzima anayekulea", maana wapo waliofiwa na wapo wasiomjua baba, na kisanduku cha baba kilichoachwa wazi kinaweza kuwa na uchungu usiouona.

"Sijui" nayo iwe jibu halali. Mimi nilizihesabu karatasi zilizoachwa wazi kama sifuri, yaani mzazi hakusoma, na hilo ni kosa lisilosameheka. Asiyejua abaki kundi lake, na uwataje idadi yao kwenye ripoti. Ukitaka kuongezea picha ya nyumbani, uliza vitu ambavyo mtoto anaviona kila siku. Tafiti za SACMEQ, zinazopima ubora wa elimu katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, kwa watoto wa darasa la sita ziliuliza elimu ya baba na mama, lakini ziliuliza pia vitabu, redio, taa na sakafu ya nyumba. Sakafu mtoto hakosei.

Jambo lingine naomba kwa dhati: usikubali swali hili liulizwe kwa sauti. Nimeona mwalimu, kwa nia ya kunisaidia tu, akisema "ambao mama zao hawakusoma wanyooshe mikono." Mikono ilipanda miwili mitatu, macho chini. Mtoto mmoja aliyekuwa ameinua akaushusha. Tangu siku hiyo nagawa karatasi mwenyewe, zisizo na majina, nawatawanya wakae mbalimbali, na namwomba mwalimu wa darasa atoke nje kwa heshima zote. Ridhaa ya wazazi naichukua mapema, kwa barua ya Kiswahili, na mtoto mwenyewe namwambia anaweza kuruka swali lolote.

Mwisho wa kazi, siku ya kuondoka, mwalimu mmoja aliniomba nimwachie dodoso apitie, ajue familia zipi zina uwezo wa kuchangia ujenzi wa maabara. Alikuwa na shida ya kweli, ile maabara ilikuwa imeishia kwenye linta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, watoto wale niliwaahidi kwamba nitakachokiona ni changu peke yangu. Nilimwambia haiwezekani, nikalifunga boksi kwa selotepu, nikapanda nalo basi.