Punguzo la kodi ya nyumba linatoka kwenye kasino, je ni halali kwangu?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Naishi Pennsylvania huku Marekani, nina nyumba, na kwenye bili ya kodi ya shule kuna punguzo kila mwaka. Jamaa kaniambia hizo ni hela za mashine za sloti kwenye kasino. Roho inanisumbua, nijitoe? Na huyo huyo anasema tuunge mkono kasino ziongezwe ili punguzo likue, nimjibu nini?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah ndugu yangu. Jamaa yako kwenye chanzo cha hela hajakosea, sheria ya sloti ilipita huko 2004, na asilimia 34 ya kinachobaki kwenye mashine baada ya washindi kulipwa ikatengwa kwa ajili ya kupunguza kodi za nyumba, halafu sheria ya 2006 ikaweka utaratibu wa kuzipitisha kwenye wilaya za shule mpaka zifike kwenye bili yako.

Usijitoe. Wewe hujacheza wala hujapewa hela mkononi, ulijaza fomu ya kaunti kusema hapa ndo nakaa, basi. Serikali ilikuwa inakudai ikakupunguzia deni. Wanachuoni wengi wanatofautisha kitu kilicho haramu chenyewe kama nguruwe, na mali iliyoingia uharamu kwa namna mtu alivyoichuma, hii ya pili dhambi yake inabaki kwa mchumaji na haimfuati aliyeipata baadaye kwa njia ya halali. Mtume (s.a.w.) alifariki ngao yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa sababu ya shayiri, na Qur'an imewasema Mayahudi kwa kula riba, lakini hakuacha kuamiliana nao. Wapo waliokaza zaidi kwenye jambo hili, kwahiyo kama roho bado inakataa angalia punguzo ni dola ngapi utoe kiasi hicho kwa maskini, ila sio wajibu.

Hilo la pili ndo linaniuma, maana watu wengi wanaponzwa nalo. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wanachinja ngamia wanapiga kura kwa mishale, na washindi wengi hawakuila ile nyama, waliwagawia maskini na wakajisifia kwa hilo, yaani kamari ya kusaidia watu, ndo hii hii ya leo. Allah hakukataa kwamba kuna faida, amesema kwenye Baqara aya ya 219 kuna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa, kisha Maida aya ya 90 akafunga mlango kabisa. Punguzo lako likue, lazima mtu mwingine aache mshahara wake zaidi kwenye mashine, na huenda huyo ni mpangaji ambaye hilo punguzo halimhusu kabisa! Ukiipigia kura hiyo au ukaenda kuifanyia kampeni umeingia kwenye kusaidiana katika dhambi, na Maida aya ya 2 imekataza.

Mwambie jamaa yako kodi ikiwa nzito aende kwenye vikao vya bodi ya shule akahoji matumizi, amwandikie mbunge wake wa jimbo shule zipate hela kwa njia nyingine, na kwenye hilo mfuatane wote wawili.

Wallahu aalam.