Kifurushi chako cha AUR kiishie na -bin

Ndugu, nimekuelewa: kwenye AUR, hazina ya vifurushi vinavyotungwa na watumiaji wa Arch Linux, PKGBUILD yako (faili la maelekezo ya kujenga kifurushi) inashusha programu iliyokwisha kujengwa, ukakipa kifurushi jina tupu lisilo na kiambishi mwishoni, sasa unaambiwa ubadilishe. Wamekuambia kweli. Msimbo chanzo ukiwa unapatikana, kifurushi cha hivyo lazima kiishie na -bin. Kinachojengwa kutoka hazina ya msimbo ya Git, kiishie na -git.

AUR haibadilishi jina. Pakia kipya, kisha omba cha zamani kiunganishwe nacho, kura zisipotee. Jina tupu liandike ndani ya PKGBUILD, kwenye provides (kifurushi kinasimama badala ya kipi) na conflicts (hakiwezi kukaa pamoja na kipi).

Ukipandisha toleo, rudisha pkgrel (namba ya marekebisho ya kifurushi ndani ya toleo moja) iwe 1, uendeshe `makepkg --printsrcinfo > .SRCINFO`. Amri hiyo huandika upya .SRCINFO, faili ambalo ukurasa wa AUR husoma. Mimi niliisahau, ukurasa ukabaki na toleo la zamani siku kadhaa.

Tafadhali usiweke SKIP (yaani ruka ukaguzi) kwenye sha256sums, alama za kuhakiki faili linaloshushwa: faili likichezewa, watumiaji wako hawatajua. Ukikwama, waulize wasimamizi wa AUR kabla ya kupakia.