Kabla ya Kumpeleka Mzazi Kupigwa Picha ya Ubongo

Mama yangu alipopotea njia akirudi Buruburu kutoka Soko la Wakulima, safari aliyoizoea kwa zaidi ya miaka thelathini, sisi watoto wake tulikubaliana kwamba apigwe picha ya ubongo. Hospitali tuliyoanzia ilipendekeza ile inayoonyesha mtiririko wa damu: mgonjwa hudungwa dawa yenye kiasi kidogo cha teknesiamu, kemikali inayotoa mionzi, hulala mahali patulivu, kisha kamera huonyesha sehemu za ubongo zinazopata damu kidogo. Tukachanga pesa, na ripoti ikasema kwamba damu inafika kila mahali inavyostahili. Tulimshukuru Mungu na tukaacha kumfuatilia. Miezi minane baadaye, hakumtambua mjukuu aliyemlea.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba ripoti safi ni uthibitisho wa afya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba picha za aina hii ziliwagundua wagonjwa wapatao 74 kati ya kila 100 wenye Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, yaani ugonjwa unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ilhali vigezo vya daktari anayemhoji na kumpima mgonjwa viliwagundua 81. Yaani, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne huenda akatoka pale na picha isiyo na kasoro. Nguvu ya picha iko kwingine: kati ya watu 100 wenye demensia za aina nyingine, iliwaepusha 91 na jina la Alzheimer lisilo lao, ilhali vigezo vya daktari viliwaepusha 70. Sababu ni kwamba Alzheimer hupunguza damu hasa kandokando ya ubongo kuelekea nyuma, demensia inayoanza kwa kubadili tabia huipunguza mbele, na ile ya Lewy, inayotokana na chembe za protini zinazorundikana ubongoni, mara nyingi hugusa sehemu ya nyuma inayohusika na kuona. Picha basi humfaa daktari aliyekwisha kuona kwamba demensia ipo, ila bado anasita kuhusu aina yake. Hata hapo isomwe kwa uangalifu, kwani sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, nayo inaweza kupunguza damu sehemu za mbele.

Daktari tuliyemwona baadaye hakuanza na mashine. Alizungumza na mama peke yake, kisha nami, na akampima kumbukumbu kwa Kikamba, lugha aliyokulia, jambo ambalo naliona kubwa, kwa sababu mzee anayeulizwa kwa Kiingereza anaweza kushindwa na lugha tu. Aliagiza vipimo vya damu vya tezi ya shingo na vitamini B12, kisha akaomba kuona dawa zake zote. Humo mlikuwa na vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, alivyovimeza kila usiku, na ambavyo vinaweza kuwachanganya wazee akili. Alipoviacha alipata nafuu kiasi, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuwepo.

Ukiona dalili kwa mzazi wako, andika daftarini alichosahau na tarehe yake, na ubebe dawa zake zote kwenda kliniki. Ukiambiwa alipie picha hii, muulize daktari kwa heshima matibabu yatabadilika vipi ikionyesha kasoro, na yatabadilika vipi isipoonyesha. Sisi hatukuuliza.