Re: Picha ya pasteli za mafuta imekataa kukauka

Pole dada, hiyo ya kuchora ziwa na wiki 3 baadaye rangi bado inashika vidole nimeipitia hapa Kondele. Si kosa lako. Pasteli za mafuta zina nta na mafuta yasiyokauka, so hata ukingoja mwaka hazitakauka kabisa, na hili joto la Kisumu ndio linazidisha, saa saba mchana zinalainika kama Kimbo, mimi huchora asubuhi mapema.

Watakuambia upulize spray ya nywele, achana nayo, yangu iligeuka njano. Ukihifadhi funika na karatasi ya kuokea, na fundi wa fremu mwambie aache nafasi kioo kisiguse rangi.

Ukitaka kitu kinakauka kweli tafuta zile stiki za rangi ya mafuta, hizo zina mafuta ya kitani, juu zinakauka kwa siku kadhaa. Lakini karatasi tupu italiwa na mafuta, paka jeso kwanza, ile rangi nyeupe ya msingi inayozuia mafuta kuingia kwa karatasi. Na matambara ya kufutia hizo stiki usiyarundike mahali pamoja eti utafua kesho, yanaweza kushika moto yenyewe, yatandaze nje yakauke. Tapentaina nayo, ile ya kuyeyusha rangi, ukitumia fungua madirisha, na kama uko na asthma ama mimba ongea na daktari kwanza.