Miji mitatu kuwa mmoja, Japani walifikaje huko?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu anasoma Japani, juzi kanipigia video yuko kamji ka pwani kanaitwa Kami, kaa wamepangwa mezani kama sie tunavopanga pweza, ananiambia eti hapo zamani ilikuwa miji mitatu ikaunganishwa. Mbona huku tunasikia kugawa tu? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, hajakudanganya. Tarehe 1 Aprili 2005 Kasumi, Muraoka na Mikata walivunja halmashauri zao wakawa Kami, mkoa wa Hyogo. Jina lenyewe la kuunga, ka ya Kasumi na mi ya Mikata. Sie manispaa yetu tumeandika yote mawili, Mtwara-Mikindani, asinune mtu.

Huku tunagawa sababu watu wanaongezeka na ofisi iko mbali, ndo mana Nanyamba ikakatwa toka Mtwara Vijijini. Kule kinyume chake, vijana wanakimbilia Osaka na Tokyo wanabaki wazee, sasa unalipaje meya watatu na madiwani seti tatu kwa watu wanaopungua kila mwaka? Serikali kuu nayo ikatia chambo, mkiungana mnaruhusiwa kukopa hela za ujenzi alafu asilimia 70 ya marejesho inabebwa na yenyewe, nani ataacha hapo? Nchi nzima halmashauri zikashuka toka 3,232 mwaka 1999 hadi 1,727 mwaka 2010. Wabishi walikuwepo lakini, Yamatsuri kule Fukushima walitangaza 2001 kwamba hawaungani na mtu, na hawakuungana kweli.

Kwenye ofisi ndo kuna utamu. Makao makuu yakaenda Kasumi, pwani kwa hao kaa, wa milimani, yaani Muraoka na Mikata, wakabakiziwa ofisi ndogo ndogo, na huko juu theluji inamwagika haswa sio mchezo. Ila usiwaonee huruma sana, ile iliyokuwa Mikata siku hizi wanaiita Ojiro, na ndo alikozaliwa dume mmoja mwaka 1939 ambaye karibu ng'ombe wote weusi wa wagyu, wale ng'ombe wa nyama wa Kijapani, ni uzao wake. Jina lake Tajiri, wallahi sikutanii, ni jina lao la Kijapani kabisa.

Watu wa Kami bado wanapungua, mwaka 2005 walikuwa elfu 21 na kitu, sensa ya 2020 ikakuta kama elfu 16. Mwambie mdogo wako akipata nauli apande Ojiro kabla theluji haijaanza, kaa ameshawaona.